Fragonard na David kwenye kanvasi: duka moja la Nasser Road, matokeo mawili tofauti

Nianze na hukumu, maana wengi mtakaosoma hapa mnataka kujua kama pesa yenu itapata thamani yake. Duka hili la kuchapa picha kwenye kanvasi, ghorofani Nasser Road hapa Kampala, linachapa kazi za Jacques-Louis David, mchoraji Mfaransa wa karne ya kumi na nane, vizuri sana. Ukipeleka David, waachie faili, lipa, kanywe chai. Ukipeleka Jean-Honoré Fragonard, Mfaransa mwenzake, usiondoke. Simama karibu na mashine, na ukiona rangi imeanza kwenda kombo, sema pale pale. Sababu haiko kwa wachapaji peke yao. Iko ndani ya picha zenyewe, jinsi zilivyochorwa na kwa ajili ya nani, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini ndefu hivi kwa ajili ya vipande viwili tu vya kanvasi.

Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko Nsambya, kando ya barabara ya Ggaba. Wateja wangu wa siku hizi wanataka viti vya kifalme: mbao iliyochongwa maua na makombe ya baharini, rangi ya dhahabu, miguu iliyopinda, mahameli juu. Wanaviita vya Dubai au vya Uturuki, kulingana na picha waliyoletewa kwenye simu. Umbo lile ni la Paris, la enzi ya mfalme Louis XV, na jina lake ni Rokoko. Na baada yake lilikuja umbo jingine lililoliondoa sebuleni: mguu ulionyooka, wenye mifereji ya wima, mgongo wa kiti wenye pembe au duara safi, mapambo yaliyopimwa kwa rula. Hilo la pili ni Neoklasiki. Nilitaka ukuta wa karakana uwe na picha moja ya kila upande, mteja aelekeze kidole na kusema, mama, mimi nataka moyo wa hii, si wa ile.

Nilichagua Msichana Anayesoma ya Fragonard, iliyochorwa karibu mwaka 1769, ambayo iko National Gallery of Art mjini Washington, na Kifo cha Socrates ya David, ya mwaka 1787, iliyoko Metropolitan Museum of Art, New York. Zote mbili zinapakuliwa bure, kwa faili kubwa, kutoka tovuti za makumbusho hayo. Metropolitan walifungua hazina yao ya picha mwaka 2017, na tangu hapo picha za kazi zisizobanwa tena na hakimiliki mtu yeyote anaweza kuzichapa, hata kwa biashara. Nalisema hili kwa sababu bado kuna wanaochukua kijipicha cha WhatsApp, wanakipeleka Nasser Road, kisha wanamlaumu fundi kwamba nyuso zimevunjika.

Vipimo navyo vilinipendeza. Fragonard ana sentimita 81 kwa 65 hivi, kwa hiyo nilimchapa kwa ukubwa wake halisi. David ana karibu 130 kwa 196, nikaagiza nusu: 65 kwa 98. Kwa nukta 100 kila inchi, upande huo mrefu unataka nukta kama 3,860, na faili ilitosha. Bei ilikuwa shilingi 140,000 kwa ya kwanza na 170,000 kwa ya pili, pamoja na fremu ya mbao ya kuvutia kanvasi nyuma. Nusu unalipa kwanza, nusu ukichukua. Walisema Ijumaa, ikawa Ijumaa kweli. Kwa mtaa ule hiyo peke yake ni sifa.

Nianze na David.

Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kunywa sumu, amekaa kitandani gerezani, kifua wazi, mkono wa kushoto umeinuliwa na kidole kinaelekea juu, bado anafundisha. Mkono wa kulia unakwenda kwenye kikombe cha sumu bila yeye kukitazama, na vidole havijakigusa. Anayemshikia kikombe amevaa nguo nyekundu, amegeuza uso na kufunika macho. Crito, rafiki yake, amemshika mzee paja. Plato, mwanafunzi wake, yuko mwisho wa kitanda, amejiinamia, amempa Socrates mgongo. Nyuma yao ni ukuta wa mawe ya kijivu, mtupu, usio na pambo hata moja. Kwenye kanvasi yangu haya yote yapo, na yapo kwa ukali. Pingu iliyo sakafuni unaweza kuihesabu pete zake. Karatasi iliyokunjwa karibu na kiti cha Plato inasomeka kama karatasi. Hata sahihi mbili za mchoraji zilitoka, maana David alitia sahihi mara mbili: jina lake chini ya Crito, na herufi za mwanzo tu chini ya Plato.

Kwa nini ilitoka vizuri hivyo? Kwa sababu nguvu ya picha hii imo kwenye mstari. David aliandaa miili kwa michoro kwanza, akaipanga safu moja mbele yako kama sanamu zilizochongwa kwenye ukuta wa kale, akamwaga mwanga kutoka upande mmoja, akazuia rangi. Nyekundu imewekwa pale inapotakiwa, kwa mtu wa kikombe. Mashine ya Nasser Road imezoea hayo. Kazi zake za kila siku ni mabango ya wanasiasa, kalenda, kadi za harusi na matangazo ya ibada: sura zenye mpaka unaoonekana, nyeusi nzito, nyekundu isiyojificha. Ukiipa David inajikuta nyumbani. Ukuta wa kijivu ulielekea kidogo kwenye kijani, lazima niseme, lakini picha haikupoteza neno lake hata moja.

Na David alikusudia isipoteze. Kazi hizi zilionyeshwa kwenye maonyesho ya Akademi ya kifalme ya wachoraji, ndani ya jumba la Louvre mjini Paris, yaliyoitwa Salon, ambayo tangu 1737 yalifanyika kwa utaratibu na mtu wa kawaida aliingia bila kulipa. Picha zilipangwa ukutani kutoka karibu na sakafu hadi darini, watu wamejaa, kelele. Mchoraji aliyetaka kusikika pale alihitaji kitu kinachosomeka kutoka mbali. Kiapo cha Horatii, kazi ya David iliyotikisa Salon ya 1785, ina upana wa zaidi ya mita nne: ndugu watatu wamenyoosha mikono kuelekea panga, baba yao katikati, wanawake wamelegea pembeni kwa huzuni. Ukiiona mara moja umeielewa.

Hapa kuna jambo ambalo huniudhi likisemwa vibaya. Watu hupenda kusimulia kwamba Rokoko ni ya mabwana na Neoklasiki ni ya wanamapinduzi wa Ufaransa, kana kwamba gereza la Bastille lilianguka asubuhi na mchana wachoraji wakabadilisha brashi. Kiapo cha Horatii kililipiwa na serikali ya mfalme Louis XVI. Ofisi ya majengo ya kifalme, chini ya comte d'Angiviller, tangu 1774 ilikuwa inaagiza makusudi picha za historia zenye maadili mazito, wajibu na uzalendo. Mfalme mwenyewe alilipia somo la watu kufa kwa ajili ya nchi, na miaka michache baadaye, Januari 1793, David akiwa mbunge wa Convention, bunge la mapinduzi, alipiga kura mfalme huyo auawe. Aliyeagiza Kifo cha Socrates, kijana tajiri wa ukoo wa Trudaine, naye alikatwa kichwa mwaka 1794. Kwa hiyo mtindo ulitangulia mapinduzi. Mapinduzi yaliukuta tayari umeshonwa, yakauvaa.

Sasa Fragonard, na hapa ndipo duka lilipopungukiwa.

Msichana ameketi kwa upande, anasoma kitabu kidogo alichokishika kwa mkono mmoja, kidole cha mwisho kimenyanyuka. Nguo yake ni ya manjano ya limau. Nyuma yake kuna mto mkubwa wa rangi iliyo kati ya waridi na zambarau, umebonyea kwa uzito wa mgongo. Shingoni ana kola nyeupe ya mikunjo, ambayo Fragonard aliichora kwa kukwaruza rangi mbichi kwa ncha ya mpini wa brashi. Hiyo ndiyo picha nzima. Hakuna anayekufa, hakuna anayeapa. Kuna msichana, kitabu, mto, na brashi ya mchoraji inayokimbia.

Chapa ya kwanza niliyooneshwa ilinikata maini. Manjano yalikuwa ya jerikeni. Shavu la msichana lilikuwa jekundu kana kwamba amechomwa na jua, na mto wangu, ule mto niliouchagulia picha hii, ulikuwa zambarau moja tupu bila vivuli. Kijana wa mashine aliniambia kwa upole, "Nyabo, hivyo ndivyo rangi inavyotoka. Wateja wanapenda ing'ae." Alisema kweli kuhusu wateja wake. Bango la barabarani lisipong'aa halionekani, kwa hiyo kompyuta yao imewekwa iongeze nguvu ya kila rangi kabla wino haujamwagika.

Lakini picha ya Rokoko ukiiongezea nguvu umeiua. Mto ule hauna rangi moja. Una waridi pale mwanga unapogusa, unaingia zambarau iliyofifia kwenye mikunjo, unapata kahawia chini karibu na kiti, na rangi hizo zinapokezana kwa mapigo ya brashi unayoweza kuyafuata moja moja. Mimi nashona mito kila siku, na ninakuambia: Fragonard alijua sponji. Alijua kitambaa kinavyovutika kuelekea pembe na mahali kinapolegea. Hakuchora mstari wa mto. Aliujenga kwa tofauti ndogo za rangi, na tofauti hizo ndizo mashine ilizozifuta. Ukuta wa David ulipata ukijani kidogo, na David akabaki David. Fragonard alipopoteza vivuli vya waridi hakubaki na kitu.

Na hilo nalo lina historia ya nyumba nyuma yake. Louis XIV alipofariki mwaka 1715, mabwana waliokuwa wamebanwa kwenye jumba la mfalme la Versailles walirudi kuishi Paris, kwenye majumba yenye vyumba vidogo vya mazungumzo, kuta za mbao zilizopakwa nyeupe na kutiwa dhahabu, vioo, mishumaa. Picha zilichorwa kutoshea juu ya mlango au kati ya mapambo ya ukuta, ziangaliwe kutoka kwenye kiti, na watu wanaofahamiana. Antoine Watteau aliwapa tafrija za bustanini, na Akademi ikampokea mwaka 1717 kwa picha ya wapenzi kwenye kisiwa cha Cythera. François Boucher aliwapa waridi na buluu za mbinguni, na si kwenye kanvasi tu: alichora vielelezo vya mazulia ya ukutani ya Beauvais, na mwaka 1755 akawekwa kuwa mkaguzi wa karakana za ufumaji za Gobelins. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko sifa zote. Mchoraji mkuu anakaa na wafumaji, anafikiria uzi utakavyobeba rangi yake. Rokoko ilikuwa kazi ya mikono mingi, seremala, mchongaji, mpakaji wa dhahabu, mfumaji, mshona viti, na mchoraji akiwa mmoja wao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita mtindo wa upuuzi. Mwanafalsafa Diderot, aliyeandika tathmini za Salon kuanzia 1759, alisema juu ya Boucher mwaka 1761 kwamba mtu huyu ana kila kitu isipokuwa ukweli. Namheshimu Diderot, na ninaelewa hasira yake: nchi ina wenye njaa, na mchoraji mkubwa anachora wachungaji waliovaa hariri. Bembea ya Fragonard, ya 1767, bwana amejilaza majanini akichungulia sketi ya bibi anayebembea na kiatu kikiruka hewani, iliagizwa na tajiri kwa raha yake mwenyewe na haikuwa na haja ya kumfundisha mtu. Lakini njoo kwenye Msichana Anayesoma unionyeshe uongo uko wapi. Mtu anasoma, ametulia, na mchoraji ameheshimu utulivu wake. Watafiti waliomulika picha hiyo walikuta kwamba mwanzoni uso uliangalia nje, kwa mtazamaji. Fragonard aliugeuza, akamrudishia kitabu chake.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Madame du Barry, mpenzi wa mwisho wa Louis XV. Aliagiza kwa Fragonard picha nne kubwa za mapenzi kwa ajili ya banda lake jipya la Louveciennes, jengo la mistari iliyonyooka lililosanifiwa na Ledoux. Fragonard alizichora kati ya 1771 na 1773, bustani zinazofurika maua, miti kama mawingu. Mteja akazirudisha. Mahali pake akaweka kazi za Joseph-Marie Vien, zenye wanawake wa Kigiriki waliosimama sawasawa. Kila fundi aliyewahi kurudishiwa seti nzima kwa sababu mteja ameona kitu kipya kwa jirani anajua siku hiyo ilikuwaje. Fragonard alikaa na picha hizo miaka mingi, mwaka 1790 akazipeleka mji wa Grasse kwenye nyumba ya binamu yake. Leo ziko Frick Collection, New York, na watu wanasafiri kuziona.

Vien huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa David. Na nani alimpeleka David kwa Vien? Boucher, aliyekuwa na undugu wa mbali na familia ya David na mzee mno kuchukua mwanafunzi. Fragonard pia alipita mikononi mwa Boucher. Na wakati wa mapinduzi, wanunuzi wa Fragonard walipokwisha, David alimsaidia kupata kazi kwenye makumbusho mapya ya Louvre. Vitabu vinawaweka pande mbili za vita, wenyewe walisaidiana.

Turudi dukani. Niliomba mambo mawili na yalikubaliwa, kwa hiyo nawapa sifa yao. Kwanza, wazime ile nyongeza ya rangi na watumie profaili, yaani mpangilio wa rangi, ya kanvasi yenyewe badala ya ile ya bango. Pili, wachape kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja, sehemu ya shavu na mto pamoja, kabla ya picha nzima. Kipande cha mwanzo kilikuwa cha baridi, shavu limepauka. Kilichofuata kilikaribia. Picha ya mwisho si Fragonard kamili, kola haina ile mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa macho, na vanishi yao inang'aa kupita kiasi, kwa hiyo mchana, mlango ukiwa wazi, unaona dirisha badala ya msichana. Ombeni vanishi isiyong'aa; wanayo, hawaitaji mpaka uulize. Hawakunitoza kwa kanvasi iliyoharibika.

Fremu za mbao ni imara, pembe zimekatwa sawa, lakini kanvasi ya David ilivutwa kwa nguvu zaidi upande wa kulia na mstari wa sakafu ukapanda kidogo. Kwenye picha iliyojaa mistari iliyonyooka hilo linaonekana upesi. Nilitoa pini na kuivuta upya mwenyewe, kazi ya fundi wa makochi ni hiyo hiyo. Asiye na vifaa aiangalie kabla ya kulipa salio, aiweke kwenye meza tambarare na apime kutoka ukingo hadi mstari wa kwanza wa sakafu pande zote mbili.

Picha ziko ukutani, na wateja wanazitumia kama nilivyotaka. Mama mmoja wa Muyenga aliyekuja kwa viti vya dhahabu alisimama mbele ya Socrates, akatazama kitanda cha mbao kisicho na ua, akabadilisha oda yake: miguu iliyonyooka, kitani cha kijivu. Bwana harusi wa Entebbe alimtazama msichana na kuniuliza kama naweza kumpatia mto wa rangi ile. Naweza, kama duka la vitambaa litanipatia hariri ya vivuli viwili.

Oda yangu inayofuata ni ya Élisabeth Vigée Le Brun, malkia Marie-Antoinette akiwa na gauni la melimeli nyeupe na kofia ya majani makavu. Ilionyeshwa Salon ya 1783, watu wakapiga kelele kwamba malkia ametoka na nguo za ndani, ikaondolewa na kuwekwa nyingine ya hariri ya buluu, ua lile lile la waridi mkononi. Nitazichapa zote mbili, ziwe pamoja. Nyeupe ya melimeli itawapa tabu kuliko manjano ya Fragonard, kwa hiyo nitakwenda asubuhi, zamu ya yule kijana mwembamba wa mashine ya pili, ndiye anayekubali kuchapa kipande cha majaribio bila kununa.